Herufi Moja ya Madam Judy

Ijulikane kwa wakaazi wote wa Msambweni, kuanzia lango la hospitali hadi mwisho wa ufuo, na kwa vizazi ambavyo bado havijapata bahati ya kuzaliwa, kwamba mnamo mwezi wa Aprili, siku ya Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, vita vilitangazwa rasmi baina ya dola mbili kuu. Dola ya kwanza ilikuwa ya Mzee Haji Faki, fundi kalafati, mzaliwa wa Pemba. Dola ya pili ilikuwa ya mwanawe wa kwanza, Swafwan Haji, mwanafunzi wa kidato cha tatu, bingwa wa Kiswahili katika shule yake ya bweni, mwenye alama ya A ambayo haijawahi kuyumba. Chanzo cha vita hivyo kilikuwa kizito, kirefu na cha kihistoria.

Chanzo chenyewe kilikuwa simu iliyotumbukia katika kopo la mafuta ya papa.

Habari hizi tumezipata kwa shahidi mmoja mwaminifu aliyekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho. Ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumemkubalia kwa heshima.

Mzee Haji kazi yake ni kuziba mashua zinazovuja. Huisokota pamba, akaishindilia kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo, kisha huipaka mashua nzima mafuta ya papa ili maji yasipenye. Mafuta hayo yanaitwa sifa. Asiyejua harufu ya sifa na amshukuru Mungu. Haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu, na mtu aliyeishika kwa miaka thelathini hunuka sifa hata siku ya Idi.

Swafwan naye alikuwa na kipaji. Angeweza kuigiza sauti ya mtu yeyote: mwalimu mkuu, muadhini mwenye mafua, mama muuza viazi. Lakini sauti aliyoimudu kuliko zote ilikuwa ya babake. Likizo hiyo ya Aprili alijifungia chumbani, akajirekodi kwa Kipemba kizito:

"Assalaam alaykum, enyi watu wa Msambweni. Mie Haji. Mashua zenu zavuja kwa kuwa n'nyoyo zenu zavujazo. Kaeni kitako, n'wapake sifa!"

Aliwatumia marafiki watatu. Marafiki watatu wana marafiki wao. Kufikia Ijumaa, wavuvi walikuwa wakimwamkia Mzee Haji ufuoni kwa kumwambia, "Haji! Twakaa kitako!" Mzee akacheka nao, akidhani ni salamu mpya. Mtu mmoja mwenye huruma, au asiye na huruma hata chembe, akamfungulia simu akamsikilizisha. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akaomba kusikilizishwa tena. Siku ya pili alasiri akamwita Swafwan penye mashua aliyokuwa akiipaka.

"Hii n'sauti ya nani?"

"Utani tu, baba."

"Sikukuuliza n'nini. Nimekuuliza ya nani."

"Yangu. Lakini watu wameipenda, baba. Kila mtu ananisifu."

"Ah," akasema Mzee Haji. Akanyoosha mkono, akaichukua simu kwenye kiganja cha mwanawe taratibu, kama anayetaka kuitazama saa. "Kumbe wataka sifa. Si ungesema tu, mwanangu? Hapa ndipo penyewe."

Kopo likasema *bluku*.

Tangu saa hiyo baba na mwana hawakusemezana. Hawakuamkiana, jambo ambalo katika nyumba ya Kipemba ni kama kung'oa mlango. Shikamoo ya Swafwan ilipaa juu ikamwendea mamake peke yake, ikampita babake kichwani. Mambo ya lazima yalipitishwa kwa Salwa, dadake Swafwan, mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye hakuomba kazi hiyo.

"Salwa, mwambie kakako auondoe mguu wake, n'pite."

"Salwa, mwambie baba njia ni pana."

"Mwambie kakako njia n'pana, akili ndo nyembamba."

"Mwambie baba—"

"Mie si redio!" Salwa akalia, akaukimbia mkeka.

Bimkubwa, mama wa nyumba, akaliweka sinia la mkate wa kumimina katikati. Jirani zake hapo Msambweni huuita mkate wa sinia, na miaka kumi na minane hawajamshawishi aubadilishe jina. "Kuleni," akasema. "Vinywa vya kula mnavyo. Vya kusema ndo vimewaota kutu."

Hapa shahidi wetu ameomba tueleze kwa nini Swafwan alikuwa na ulimi wa aina hiyo. Si kwa kumtetea, anasema. Ni kwa kumbukumbu tu.

Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, Swafwan alisimama bwenini mbele ya wavulana arobaini, akajitambulisha kwa adabu kama alivyofunzwa nyumbani: "Mie Swafwan. Skuli yangu ya zamani iko Msambweni." Basi. Alichosema baadaye hakikusikika kwa kicheko, kwa kuwa wenzake wote husema shule. Kwa muhula mzima jina lake likawa Skuli. "Skuli, pitisha chumvi." "Skuli, ni kweli babako alikuja Kenya amepanda ungo?" Mmoja alilala na Kurani chini ya mto kwa sababu kitanda chake kilipakana na cha Mpemba, na Wapemba husingiziwa uchawi. Swafwan akalia chooni wiki mbili, ya tatu akapata wazo. Ikiwa lazima Mpemba achekwe, basi na achekwe yule asiyekuwapo. Akaanza kumwigiza babake. Bweni likavunjika mbavu. Jina la Skuli likafa, na Swafwan akawa mfalme. Alicholipia ufalme huo hakikuwa chake, kilikuwa cha mtu mwingine, nacho kikaonekana rahisi.

Wapemba husema wenyewe kwamba Mpemba hakimbii mvua ndogo. Swafwan alikimbia manyunyu.

Muhula wa pili ukafunguliwa, na kwa kuwa simu ilikuwa imekwenda kwa Mola wake, Swafwan akatafuta chombo kikubwa zaidi. Mwezi wa Julai, dakika tano kabla ya chakula cha mchana, alijipenyeza kwenye chumba cha kipaza sauti cha shule. Wanafunzi mia nne wakasikia sauti nzito ya mzee ikiwatangazia:

"Assalaam alaykum. Mie Haji wa Pemba. Maharage ya leo tumeyasomea. Atakayeyala, akilala ataamka Chake Chake. Kaeni kitako mtafakari."

Mia nne wote walijua ni utani. Hata hivyo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonja. Maharage yakapoa sufuriani hadi jioni, mpishi akatishia kujiuzulu, na Swafwan akapelekwa kwa Madam Judy.

Madam Judy alikuwa mwalimu wa ushauri nasaha, mgeni kutoka bara, mwaka wake wa kwanza pwani. Alikuwa na daftari la kijani na imani kwamba chini ya kila kosa pamekaa hisia, kama kaa chini ya jiwe. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu. "Kati ya majina yote duniani, kwa nini ulitumia la babako?"

Swafwan akautazama mlango. Basi Madam Judy akaagiza babake aitwe.

Mzee Haji alipanda hadi milimani Kwale, iliko shule, siku ya pili asubuhi, na kanzu yake nyeupe, na kofia yake, na harufu yake. Wavulana walipanga mstari dirishani kumwona mwenye maharage. Mmoja akanong'ona, "Kaa kitako," wengine wakaziba midomo. Mzee alisikia. Alitembea katikati yao kama mtu anayevuka mto asiotaka kuutazama.

Madam Judy akamkaribisha kiti. Akamwambia kwa upole, "Mzee, sijakuita nikulaumu. Nataka kujua unavyojisikia kuhusu Swafwan. Moyoni."

Swali kama hilo Mzee Haji hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote, ndani ya serikali wala nje yake. Akaitazama mikono yake. Swafwan alisimama pembeni, naye akitazama ukuta.

"N'mechukia," Mzee akasema mwishowe. "N'mechukia, mwalimu. Sijapata kuchukia hivi."

Sasa tutulie kidogo, maana nchi nzima ya habari hizi imesimama juu ya neno hili. Kwao Pemba mtu akisema amechukia ana maana ameudhika, roho imemuuma. Hajamchukia mtu. Amechukia tu, kama mawingu yanavyotanda bila kumtandia fulani. Lakini katika Kiswahili alichokuja nacho Madam Judy, chuki haiwezi kukaa hewani. Lazima itue juu ya mtu. Basi mwalimu akasikia alichozoea kusikia, kalamu yake ikaandika, na ndani ya neno ikapachika herufi moja ndogo. *Baba: "Nimemchukia."*

Mzee alipotoka kwenda kutawadha, Madam Judy akaligeuza daftari. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Swafwan, pole sana. Wewe ni bingwa wa lugha, na babako ana lafudhi. Nimeandika sawa?"

Swafwan akatazama. Aliiona ile m mara moja, imekaa katikati ya neno kama nzi kwenye maziwa. Huyu ni kijana aliyewahi kumsahihisha mwalimu mkuu mbele ya bendera kwa kosa dogo kuliko hilo. Angetia kidole juu ya ile m, na mambo yangekwisha. Lakini alikumbuka kopo. Alikumbuka *bluku*. Akaona pia kwamba kijana anayechukiwa na babake hafukuzwi shule kwa ajili ya maharage.

"Sawa, madam," akasema. Akaitikisa sauti kidogo, kwa urembo.

Hakufukuzwa. Alipewa chai ya maziwa na mandazi mawili, akaambiwa yeye ni jasiri.

Siku ya kufunga shule, mwezi wa Agosti, Madam Judy alimkabidhi barua ya wazazi ndani ya bahasha. Ilikuwa ya Kiingereza, kama zilivyo barua zote zenye madaraka. Swafwan aliisoma safari nzima ya kurudi nyumbani. Ilisema kwamba wazazi wanaombwa kufika kwa afisa wa watoto hapo Msambweni, siku ya Jumatano saa nne asubuhi, wawe na vitambulisho vyao, kwa mazungumzo kuhusu ustawi na usalama wa mtoto wao Swafwan. Mwalimu mwenyewe atakuwapo. Kwa mara ya kwanza Swafwan alihisi kwamba ile m ndogo imeota miguu na inatembea.

Nyumbani, Mzee Haji akaipokea bahasha, akaigeuza, akairudisha mkekani. Yeye husoma Kurani na husoma gazeti. Kiingereza hakimjui.

"Salwa, mwambie kakako asome."

Swafwan akaifungua. "Salwa, mwambie baba anatakiwa na serikali. Jumatano, saa nne. Aende na kitambulisho."

Bimkubwa akaliacha sinia.

"Mwulize kwa sababu gani," Mzee akasema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Swafwan akaikunja barua mara mbili, halafu mara ya tatu. "Mwambie haikusemwa."

Yafaa mjue kitambulisho kilikuwa nini katika nyumba hiyo. Mzee Haji alivuka akiwa mtoto, mkononi mwa babake, na akakaa nchi hii hadi mvi zikamwota bila karatasi hata moja. Askari walipokuja ufuoni kuwauliza watu vipande vyao, alikuwa akijilaza chini ya mashua iliyopinduliwa, mchana kutwa, bila maji, huku wenzake wakiigongagonga juu kama kwamba wanafanya kazi. Swafwan alikuwa na miaka saba alipotumwa kumpelekea muhogo huko chini. Aliupitisha kwenye upenyo, akaona jicho tu. Kadi ilipotoka, miaka michache iliyopita, Mzee aliishika kwa ncha za vidole ili asiitie sifa. Akamwambia Bimkubwa, "Sasa hata n'kifa, n'tafia kwetu." Tangu hapo kadi ilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati, karibu na Kurani.

Jioni hiyo aliishusha, akaitazama, akaitia mfuko wa kanzu. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Swafwan aliuona. Shahidi wetu anaapa kwamba hapo Swafwan alitaka kusema. Tumwamini nusu.

Siku nne zilizofuata Mzee hakwenda ufuoni. Wenye mashua walimtuma mtu, akarudishwa. Bimkubwa alikunja nguo za mumewe, mbili mbili, akazitia kwenye mkoba bila kuambiwa. Hakuna aliyemweleza mwenziwe anachohofia. Katika nyumba hiyo walijua kuziba kila aina ya ufa, isipokuwa walizibia maneno ndani.

Siku ya Jumapili mchana Swafwan alikuwa uani akisafisha ndoo aliposikia sauti nyuma ya ukuta wa jiko. Alisogea. Babake alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, na Salwa amesimama mbele yake na mwiko mkononi kama mwalimu.

"Sema shule."

"Skuli."

"Shu-le, baba."

"Shule. Na kaa kitako?"

"Sema keti."

"Keti." Mzee akajaribu tena, akikaza midomo. "Keti. Naketi. Mie n'Mkenya."

"Mimi. Halafu *ni*, usiikate. Mimi ni Mkenya."

"Mimi *ni* Mkenya." Jasho lilikuwa likimtoka kwenye kipaji cha uso. "Hivi n'kisema kama kakako, watan'jua?"

"Hawatakujua."

"Yeye hodari," akasema Mzee Haji. "Yule hata Mpemba mwenziwe hamtambui. Wasema Wapemba hujuana kwa vilemba. Yeye kakivua chake mapema, kafanya akili. Haya, n'rudishe kwenye shule."

Swafwan alibaki na ndoo mkononi. Angeumia kidogo tu kama sauti ile ingekuwa na kejeli. Haikuwa nayo. Ilikuwa ya mtu anayesifu kazi nzuri ya fundi mwingine. Basi akaweka ndoo chini, akauzunguka ukuta, akasimama mlangoni pa jiko na ukweli wote ukiwa kwenye ncha ya ulimi.

Mzee akainua macho mara moja, akayateremsha.

"Salwa, mwambie kakako aniziba mwanga."

Ukweli ukarudi ulikotoka. Swafwan akageuka na hasira yake ikiwa mpya, kama iliyotoka dukani, akaenda zake. Na atetemeke, alijiambia. Simu yangu nayo ilitetemeka.

Jumatano, saa nne kasorobo, walikuwa kwenye benchi la nje, wote wanne, wamevaa kama wa harusi. Afisa wa watoto alikuwa mtu wa Kinango aitwaye Bwana Chome, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Madam Judy alikuwa amekwishafika na daftari lake la kijani. Walipoitwa ndani, Mzee Haji aliingia wa kwanza, akasimama katikati ya chumba, mikono ubavuni.

"Habari ya asubuhi. Mimi naitwa Haji Faki. Mimi ni Mkenya. Watoto wangu wanasoma shule."

Kila neno lilitoka peke yake, limepigwa pasi. Swafwan akatazama sakafu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile aliyojitengenezea bwenini, na sasa babake ndiye aliyeiigiza, naye aliigiza vibaya.

"Karibu mzee, keti," akasema Bwana Chome.

"Naketi," akajibu Mzee, lakini hakuketi. Aliutoa mfuko wa nailoni, akauweka juu ya meza, akausukuma kwa kidole. Kisha pumzi zikamwishia, na Kiswahili cha kupigwa pasi kikamwishia pamoja nazo. "Bwana mkubwa, kama hii ndo mwaitaka, ichukueni. Sitogombana. Lakini watoto wamezaliwa papa hapa, hospitali i pale, paa lake hilo mwaliona. Msiwatie maneno. Na huyu mkubwa mwacheni amalize, kabakisha mwaka tu. Mie n'takwenda mwenyewe. N'wasihi tu msin'tie pingu mbele yao."

Bimkubwa alijifunika uso kwa ncha ya leso. Bwana Chome aliutazama mfuko, akamtazama Madam Judy.

"Mzee, hakuna anayetaka kitambulisho chako," akasema. "Ni cha kuandikia jina kwenye daftari tu."

"Tumekuita kwa ajili ya Swafwan," akasema Madam Judy. "Barua ilieleza. Mstari mzima."

Bimkubwa akafunua uso. "Barua ilisemaje, Swafwan?"

Swafwan akagundua kwamba viatu vyake vina kamba za kuvutia sana.

Madam Judy akafungua daftari. "Mzee, siku ile ofisini kwangu ulinieleza jambo zito. Ulisema umemchukia mwanao. Tuko hapa tuzungumze bila kumwogopesha mtu."

Mzee Haji akageuka. Kwa miezi minne hakuwa amemtazama mwanawe usoni. "Swafwani. Mie n'mesema hivyo?"

Salwa, kwa mazoea, akafungua mdomo. "Kaka, baba auliza—"

"Nyamaza, Salwa. Namwuliza mwenyewe."

Bwana Chome akapandisha miwani. "Madam, hebu nisomee kama ulivyoandika. Ni *nimechukia* au *nimemchukia*?"

"Nimemchukia."

"Mzee, na wewe ulisemaje?"

"N'mechukia, bwana. Mwana kan'fanya n'chekwe na mji mzima, n'chekwe na skuli nzima, n'sichukie? Hata jiwe lingechukia. Lakini kumchukia?" Akamnyooshea Swafwan kidole. "Huyu? Huyu aliyen'letea muhogo chini ya mashua?"

Bwana Chome akavua miwani kabisa. "Madam, wazee wa huku wakichukia, wameumia. Ile m hawakuitia."

Madam Judy alibadilika uso. Akaitazama karatasi, akaigusa ile herufi kwa kucha. "Lakini sikuamini masikio yangu," akasema polepole. "Nilimwonyesha Swafwan mwenyewe. Nikamwuliza kama nimeandika sawa. Bingwa wa Kiswahili. Akaniambia sawa."

Macho manne yakawa manane, yakawa kumi. Hapakuwa na dirisha la karibu.

Mtu aliyezoea kujificha nyuma ya sauti za watu hukimbilia kule kule. Swafwan akakohoa, akakaza shingo, akaanza kwa sauti ya msimuliaji wa mashindano ya shule.

"Alikuwapo kijana mmoja, mwenye A ya Kiswahili, aliyeiona ile m siku ile ile. Akaiacha ipite."

"Mh," akasema Bimkubwa.

"Kijana huyo siku yake ya kwanza bwenini alisema *skuli*, akachekwa muhula mzima. Akaona afadhali achekwe babake, kwa kuwa babake yuko mbali na hasikii. Halafu babake akasikia." Sauti ya mashindano ilianza kupasuka pembeni. "Kijana huyo pia alisoma barua yote. Akaruka mstari mmoja."

"Upi?" akauliza Bimkubwa.

"Wenye sababu."

Mzee Haji aliketi sasa. Aliketi taratibu, kama aliyeshushwa kwa kamba. "Na alipon'ona natetemeka?"

"Alikuona."

"Siku nne?"

"Siku nne. Na Jumapili alikusikia jikoni ukijifunza kusema shule."

Madam Judy akaweka kalamu chini. Mzee akauchukua mfuko wa nailoni mezani, akaitoa kadi yake, akaifuta kwa upindo wa kanzu ingawa haikuwa na vumbi.

"Na huyo kijana wako," akasema, macho yakiwa kwenye kadi, "ana jina? Au na yeye hana kitambulisho?"

Hapo yule shahidi mwaminifu aliyeomba jina lake lisitajwe akatafuta mashua ya kujilaza chini yake, asiione. Akatafuta sauti ya mtu mwingine, akazikuta zote zimekauka. Ilibaki moja tu, ile aliyokuja nayo bwenini siku ya kwanza.

"Mie, baba," nikasema. "N'mie."